Nyumba ya Fundi Vioo

6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na ngazi za huko kazini? Mimi ni mzima, nakula na nalala, ingawa nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Najua umenipigia mara nne tangu tumzike baba, na mara zote nilisema "ndiyo, shangazi" nikakata. Nisamehe. Simu ikilia maneno yananikimbia. Kwenye karatasi yanarudi, kwa hiyo naandika.

Baba ameniachia nyumba. Siku tatu baada ya kusomewa wosia ikaja barua ya benki, nayo inasema nyumba iko rehani, mkopo bado una miaka tisa, na hati wanayo wao. Mwenye duka la rangi hapa jirani ameshakuja kuipima kwa macho. Alisimama karakanani, akaigonga meza ya kukatia vioo, akasema, "Binti, yote haya utayaweza?" Nikanyamaza. Akachukulia nimekubali kuuza.

Sitaki kuuza. Nimeanza kukata vioo vya fremu za picha, na hakuna mteja aliyerudisha hata kimoja. Chumba chako cha nyuma kipo vilevile. Dirisha lake bado limezibwa kwa mbao, maana baba alisema kioo atakiweka siku utakayotaja tarehe ya kurudi.

Nishauri.

Binti wa kakako

20 Februari

Kimya wangu,

Marahaba. Goti linalalamika kuliko mgonjwa yeyote wa hospitali hii, lakini mashuka hayajifui. Kakangu alizoea kusema kukupigia simu wewe ni kuongea na ukuta uliopakwa rangi vizuri. Haya, ukuta umeandika, nami nimefurahi, ila mkono unaniuma. Mimi na kalamu hatujuani.

Sasa nisikilize. Nyumba yenye deni si urithi, ni mzigo wenye paa. Una miaka kumi na minane, wino wa mtihani haujakukauka vidoleni. Tuuze, tulipe benki, kitakachobaki ukasomee. Huyo wa rangi mwambie asubiri, bei nitaongea naye mwenyewe. Na mambo ya benki niachie mimi. Mdomo ninao.

Kuhusu chumba, kaka alikuwa na ndoto nyingi. Mwache alale nazo.

Shangazi yako

7 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mkono. Pale penye mzigo wenye paa nimecheka peke yangu jikoni.

Nimepekua faili la baba, lile alilolificha nyuma ya vioo vya kijani. Ukurasa wa kumi na moja wa mkataba unasema mkopo una bima. Mkopaji akifa, bima inalipa deni lililobaki. Lakini dai lifike benki ndani ya siku tisini tangu kifo. Nimehesabu kwenye kalenda, mwisho ni tarehe ishirini Aprili. Nimekuwekea humu nakala ya ukurasa huo na ya cheti cha kifo.

Wewe unajua kuongea na watu. Tafadhali usichelewe.

Bintiyo

25 Machi

Kimya wangu,

Marahaba, mwanangu, natumaini unakula zaidi ya chai. Ukurasa wa kumi na moja, jamani. Mimi mikataba naisoma pale pa kusaini tu.

Nimewapigia. Nimemweleza msichana wao wa simu kila kitu, tangu kaka alivyoanza kuugua, tukaongea nusu saa nzima mpaka akanipa pole kama ndugu. Akasema, "Mama, tumekuelewa, tunalishughulikia." Basi tulia. Usiende kule ukasimama kama nguzo, wakakuonea.

Shangazi yako

3 Mei

Mwanangu,

Hata salamu sijui niziweke wapi. U mzima?

Jana nimewapigia benki kuulizia. Wanasema hakuna dai lolote lililowafikia. Yule msichana ameacha kazi, na maneno yangu ya nusu saa hayakuandikwa popote. Siku tisini zimepita.

Kosa ni langu. Nilikuambia niachie, ukaniachia. Mpe jibu mwenye duka la rangi kabla benki hawajaipiga nyumba mnada.

Shangazi asiye na mdomo tena

16 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na wewe mdomo wako bado unahitajika, usiutupe.

Nina jambo la kuungama. Sikukuachia.

Mwanzoni mwa Aprili nilienda benki siku tatu mfululizo. Mara mbili za kwanza zamu yangu ilipofika niligeuka nikatoka, kama mtu aliyesahau jiko linawaka. Usiku nikakumbuka baba alivyonifundisha kukata. Kioo kinakwaruzwa mara moja tu. Ukirudia mstari, kinapasuka kinakotaka chenyewe. Nikakaa kwenye meza yake nikaandika dai kwa mstari mmoja, bila kufuta, nakala mbili.

Tarehe tatu nikazipitisha chini ya kioo cha mapokezi. Ni cha milimita sita, na tundu lake limetobolewa vibaya. Mzee wa mapokezi akasoma. "Mbona usiseme tu, binti?"

"Nimesema. Humo ndani."

Akacheka, akagonga muhuri zote mbili, akanirudishia moja. Sikukuambia kwa sababu ulishasema umemaliza, na niliona ni utovu wa adabu kukutilia shaka. Hilo nalo ni kosa, na ni langu.

Barua yako ilipofika nilienda tena, safari hii kwa mkuu wa mikopo. Akabofya kompyuta yake. "Hatuna dai lenu." Nikaweka nakala mezani. Akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga.

"Muhuri ni wetu."

"Ndiyo."

"Umekuja na nani?"

"Na hiyo."

Akainuka mwenyewe kwenda kutafuta. Nilisubiri zaidi ya saa moja, na sikuondoka. Alirudi na vumbi kwenye mikono ya shati na dai langu mkononi. Lilikuwa limefungwa ndani ya faili la mtu mwingine. Amekiri lilifika kwa wakati, na amelituma bima nikiwa nimekaa palepale. Jibu ni ndani ya wiki nane. Wanaweza bado kukataa. Mwenye duka la rangi nimemwambia hapana. Nilisema kwa mdomo.

Bintiyo

8 Juni

Kwa Mwenye Nyumba,

YAH: OMBI LA CHUMBA

Salamu sana. Mwombaji ni mzima isipokuwa goti.

Mimi ni mfua mashuka wa hospitali, mwenye umri wa kutosha, ninayeomba chumba cha nyuma. Bima wakilipa, nitakuja. Wakikataa, nitakuja pia, tutafute paa lingine pamoja. Nilikutaka uuze, mwanangu, kwa sababu nyumba ingeuzwa nisingelazimika kuingia nisimkute kaka. Huo ndio ukweli, na kwenye simu nisingeusema hata kwa saa nzima.

Naweza kupika, kugombana na wateja wasiolipa, na kupokea simu zako zote. Nitafika tarehe kumi na tano Agosti.

Nimeandika nakala mbili. Moja igonge muhuri unirudishie, usije ukasema hukunipata.

Mwombaji,
Shangazi yako

19 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ombi limepokelewa. Muhuri sina, nimegonga dole gumba kwa wino wa kuwekea alama vioo. Nakala yako hiyo hapo.

Bima wamelipa. Iliyobaki ni ile miezi mitatu baba aliyougua bila kupeleka rejesho, ambayo bima haiigusi. Hiyo nitailipa kwa madirisha ya shule yangu ya zamani. Mwalimu mkuu aliniuliza mbele ya walimu wote kama nitaiweza kazi hiyo. Walikuwa wamezoea kuniona nainamisha kichwa. Nikasema nitaiweza. Ikimalizika, naenda kuchukua hati.

Jana nimeng'oa mbao kwenye dirisha lako. Kwenye fremu, kwa penseli, baba alikuwa ameshaandika vipimo. Chini yake kuna neno "Tarehe", kisha nafasi tupu.

Kioo nimekata mwenyewe, kimeingia bila kulazimishwa. Na ile nafasi nimeijaza kwa penseli yake: 15 Agosti.

Bintiyo