Filimbi kwenye Mihogo

Hapana Clementi, hatujampiga! Nani kakudanganya huko Musoma? Fimbo zilikuwa juu tu.

Asubuhi natoka nje, naona mtu kachuchumaa kwenye mihogo yangu anachoma majani na sindano. Sindano, Clementi! Nikasema huyu anatutilia sumu. Nikapuliza ile filimbi ya sungusungu, ile tulikuwaga nayo mimi na wewe tukilinda kijiji miaka ya themanini. Bado inalia!

Kijiji kizima kikaja. Dada yangu Boke kaja na mchi.

Mjukuu wangu Hyasinta akatoka mbio, mswaki mdomoni. "Babu, acha! Huyo ni mwalimu wangu wa chuo, ndiye anasimamia utafiti wangu!"

Mwalimu, Clementi. Nikaona basi, nimemharibia mtoto masomo.

Yule bwana akazitazama fimbo, halafu akaanza kucheka. Anasema wanachunguza ulinzi ambao kila kiumbe anazaliwa nao: mtu, kuku, hata muhogo. Ukikichoma tu, walinzi wake wa ndani wanakuja mbio, hawaulizi wewe nani. "Kama nyinyi, mzee."

Kama sisi!

Nikamuuliza, "Na wakikosea, wakampiga wa nyumbani?"

"Inatokeaga. Ndio mwili unavimba bure."

Boke akaficha mchi nyuma.

"Sasa mjukuu wangu unamfukuza?"

"Simfukuzi, mzee. Ila wekeni fimbo chini, nina njaa."

Ngoja niache simu, wote wameshakaa. Ugali na samaki, sato. Boke ndiye anampakulia, na mwalimu kachagua kukaa karibu na mlango.