Upanga wa Mfalme wa Televisheni

Kolwezi, Jumatano 14 Mei. Miezi saba tangu nitoke Kisenge.

Upanga umepasuka, na aliyeupasua ameshalala bila wasiwasi.

Ni yule bwana mnunuzi wa madini. Anataka upanga kama wa mfalme wa mazimwi wa televisheni, aushike kwenye arusi yake. Siku tisa nimeufua kutoka chuma cha springi ya lori. Leo nilipoutoa motoni, alisimama na simu akipiga video.

"Tata, tia mu maji! Mu filme moshi inapandaka."

"Patron, hii chuma inaombaka mafuta. Mu maji itapasuka."

"Weye unajua kushinda mufalme?"

Nilichoka kubishana, nikautia majini. Moshi ulipanda vizuri sana, kisha tukasikia tak! Ufa kutoka ncha hadi katikati. Akauliza kama ufa utaonekana kwenye video.

Lori la Jumamosi hii lingenifikisha kwa mke wangu kabla hajajifungua. Sasa shefu wa karakana anasema sitoki bila upanga mwingine. Mimba ya kwanza tuliipoteza, na mimi sikuwepo...

Nitapanda lori la Jumamosi ijayo. Jumatatu nitakuwa Kisenge, na mtoto atakuwa amenitangulia kufika nyumbani.