Mama Anasema Najiweza

Jumatatu, 3 Machi

Alhamisi anakuja afisa wa ustawi. Anataka kuona kama bado nastahili kulipiwa msaidizi na serikali. Swali gani hilo! Maltipo sklerosisi si mafua, useme wiki ijayo itapona. Neva zinaliwa polepole. Miguu ishakufa ganzi, mkono wa kulia nao unanigomea. Kinyozi asiyeweza kushika mashine — basi tena.

Nimemwambia Bonge wakati ananiogesha. Ndiye msaidizi wangu, jitu zima, linaimba vibaya mno. Kasema, Bosi, siku hiyo usijikaze, sema ukweli. Haya.

Alhamisi, 6 Machi

Mama huyu ataniua!

Kafagia nyumba tangu alfajiri, kanivisha shati la harusi ya dada. Afisa hata hajakaa vizuri, kauliza nani ananiogesha. Sijafungua mdomo, Mama kadakia: Mwanangu? Anaoga mwenyewe! Anavaa mwenyewe! Ana uchovu tu wa hapa na pale. Na huyo Bonge anakuja kupiga soga tu.

Ningefanyaje? Nimuumbue mama yangu mbele ya mgeni? Na leo, bahati mbaya, ilikuwa siku yangu nzuri. Kikombe nimekishika bila kumwaga. Afisa kaona, kaandika. Kesho huenda nisiweze hata kufunga kifungo, lakini kesho hatakuwepo.

Alipoondoka nikamwuliza Mama, kwa nini? Kasema hawezi kumtangaza mwanawe kwa watu asiowajua. Kisha kaenda jikoni, kafungulia bomba nisimsikie analia. Nimemsikia.

Ijumaa, 14 Machi

Wamepiga simu. Msaidizi nimeondolewa. Eti najiweza.

Bonge kaja kuaga. Kalia yeye, mimi nikawa namchekesha. Nimelia baada ya mlango kufungwa.

Jumanne, 25 Machi

Mkono mbaya leo. Naandika kidogo.

Mama ndiye ananiogesha sasa. Mtu mzima mimi, na ndevu zangu! Yeye anageuza uso, mimi natazama ukuta.

Jana tumeanguka wote wawili bafuni. Mgongo wake, jamani. Anatembea ameinama, nikimwuliza anasema hajaumia kitu. Dada kaja juu, kawapigia ustawi, kataka nikaguliwe upya. Wamekubali kumrudisha afisa.

Jumatano, 9 Aprili

Afisa ameondoka sasa hivi. Niandike kabla mkono haujachoka.

Mama alipokwenda kuandaa chai, nikasema yangu harakaharaka. Kuoga, kuvaa, mkojo, yote. Uso ulikuwa unawaka kwa aibu. Afisa kasikiliza vizuri tu. Halafu kasema, kaka, neno lako peke yako halitoshi, lazima anayekutunza naye athibitishe. Akanyanyuka, akamfuata Mama jikoni.

Nikajua nimekwisha.

Jikoni na sebuleni ni ukuta mmoja mwembamba. Nikasubiri nisikie "anajiweza". Kisha sauti ya Mama, ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. Kasema kila kitu. Namna anavyonishika kwapani kuninyanyua. Shuka anazofua kabla sijaamka, nisijue zimelowa. Mimi nilidhani zinabaki kavu! Kasema siku ile tulikaa sakafuni tumelowa, akashindwa kuniinua, akawa anaita majirani. Kasema, mgongo umekwisha, binti yangu, na mimi nikifa, nani atamshika?

Afisa kasema atalipeleka ombi kwenye kamati, ila asimdanganye, fungu la wagonjwa wa aina yangu limepunguzwa mwaka huu. Wako wengi wanaosubiri. Mama kasema, sawa, nimekuelewa. Halafu kamwomba: tafadhali, usimwambie kama nimesema. Ana haya zake huyu. Akijua nimekwambia ya bafuni, hatanitazama tena usoni.

Nilikuwa nimeuma mkono nisitoe sauti.

Mama karudi na chai yangu, kavaa uso wake wa siku zote. Nikamwuliza, umemwambiaje? Kanirekebishia kola. Nimemwambia unajiweza, baba. Ningesema nini kingine?

Nikamwambia, umefanya vizuri, Mama.

Sasa anatayarisha maji ya kuoga. Nasikia anaikokota ndoo koridoni. Anasimama. Anaikokota tena. Ananiita, uko tayari? Namjibu ndiyo, na bado sijajua nitamtazamaje usoni.