Visahani Mia Nne Tisini na Tano

Jumamosi, 30 Agosti

Nimepoteza visahani 495 leo, kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, wakati wa umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa. Mbao tatu kati ya nne. Kila ubao visahani 165: safu 15, mistari 11. Nilivikata vyote mimi, kutoka bidoni, yaani madumu kuukuu ya maji, miezi miwili na siku nne.

Shami, yule binti anayeendesha tamasha, alisema jana tuziache uwanjani, zimeegemea uzio. Bila majina. Majina yatawekwa siku yenyewe. "Auntie, iwe surprise."

Surprise nimeipata mimi!

Watu wa mudugudu ule, mtaa wenye uwanja, wamekuja na majembe na glavu, wakakuta plastiki iliyokatwakatwa. Wameitoa. Nani asingeitoa? Saa ileile mimi nilikuwa huku mtaani kwangu Gitega, ndani ya mtaro, ninazoa chupa. Nimejaza viroba saba. Nikajisifu kimoyomoyo.

Saa nane nimefika uwanjani. Nyasi safi. Hata ganda la pipi hakuna.

Ubao wa nne uko hapa chumbani kwangu. Niliubakiza kwa kuwa visahani vitatu vilikuwa vigumu kugeuka. Visahani vibovu ndivyo vimeniokolea 165.

Jumapili, 31 Agosti

Niandike vizuri, kabla hasira haijanivurugia hesabu.

Kisahani kimoja: upana sentimita nane, upande mmoja njano ya bidoni, upande wa pili nimepaka nyeusi. Kinazunguka kwenye fito. Mtu anapita, anakigeuza kwa kidole. Anageuza kingine. Anaandika, anachora nyumba, anachora ng'ombe. Anayemfuata anafuta na kuandika lake. Basi, ndiyo kazi yenyewe. Hakuna kiingilio, hakuna kamba ya kuzuia watu. Tamasha ni Jumapili ijayo, barabarani, siku ya kutopita magari.

Shami alipita Gitega mwezi wa sita, akaona pazia la visahani mlangoni kwangu. Nilikuwa nimelitengeneza kwa sababu ya nzi. Akasema mimi ni msanii. Nilikuwa muuza bidoni miaka 21, hakuna aliyewahi kuniambia.

Nimetoka misa. Watu wamesalimia, wameshukuru Mungu, wamekwenda. Nyumba ina vikombe sita. Nimeosha kimoja.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimekwenda kwa mkuu wa mudugudu ule, Bwana Bayingana. Mtu mpole. Amenipa kiti, amenipa fanta, kisha ndiyo amenichoma moyo.

"Mama, niliuliza mara tatu mbele ya watu wote. Hii vitu iko ya nani? Kimya. Sasa yule muchomeleaji wa hapa Sonatubes, Léonidas, alikuwa amesimama karibu kabisa. Nikamuuliza yeye. Akasema: si yangu."

"Akasema hivyo tu?"

"Hivyo tu, mama. Na akashika upande mumoja, akasaidia kubeba. Ni mutu wa kazi sana, yule!"

Léonidas!

Fremu zote nne amezichoma yeye. Tulikulia Buyenzi, Bujumbura, nyumba tatu kati ya kwao na kwetu. Tulirudi huku mwaka uleule. Mji huu una watu zaidi ya milioni, na ni yeye peke yake ninayeongea naye Kiswahili bila kupanga maneno. Mtaani Biryogo wanakiongea, ndiyo, lakini hawajui nikisema "kule kwa mama wa sambaza" ninamaanisha kona gani. Yeye anajua. Sasa Kiswahili changu kinaishia kwenye daftari hili.

Siku 19 hatujasemezana.

Alijua ni zangu. Alizibeba kwa mikono yake!

Jumanne, 2 Septemba

Shami amepiga simu. Sorry sana, ni miscommunication, ubao mmoja unatosha, watu hawatajua. Nimemwambia: watu 3,000 kwa ubao mmoja, tuseme dakika mbili kila mtu, ni saa 100. Tamasha litadumu saa nane tu. Amejibu: "Auntie, wewe ungekuwa engineer."

Hakuna anayesoma hapa, basi niandike na lile jingine.

Tarehe 13 mwezi uliopita Shami alileta fomu. Jina la msanii. Mistari miwili. Wa kwanza nikaandika Mukamana Pudentienne. Wa pili nikaupiga mstari katikati, kama mtu anavyofunga hundi. Léonidas alikuwa nyuma yangu.

"Na mimi, Pude?"

Nikamjibu: wewe umechoma fremu. Kazi yenyewe ni yangu. Visahani 660 kwa fremu nne. Hesabu ilikuwa upande wangu, nani anaweza kubisha?

Akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Sawa. Si yangu." Akaondoka.

Maneno yaleyale. Bayingana hakuongeza hata moja.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekata 154. Bidoni saba, kila moja inatoa 22. Malengelenge mawili.

Fundi wa hapa Gitega ameona ubao wa nne. Fremu anaweza. Lakini ameuliza: mbona visahani havizungushwi na upepo? Nikamwonyesha. Nyuma ya kila kimoja kuna kipande cha mpira wa baiskeli, kinakaba fito kidogo tu, kidole kinashinda, upepo haushindi. Amejaribu kukata. Kinene — hakigeuki. Chembamba — kinajizungukia chenyewe.

"Nani alikata hivi?"

Nimeokota vipande vyake chini. Ni Léonidas. Vipande 660. Alivikatia kwake jioni, akaniletea ndani ya soksi. Sikuwahi kuviweka kwenye hesabu.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekwenda Sonatubes. Nilikwenda kumgombeza, nilikuwa nimepanga na maneno.

Karakana imefungwa. Yuko Kicukiro anafunga geti la mtu. Lakini pembeni ya ukuta, chini ya turubai — pembe ya fremu. Nimeinua turubai.

Zipo! Zote tatu! Amezisimamisha juu ya matofali zisiguse maji. Katikati ya kila mbili ameweka katoni. Nimehesabu ule wa mbele mara mbili: 165. Zile nyingine mbili nimehesabu pembeni, mstari kwa mstari. Hakuna kilichokatika. Fito mbili zimepinda, basi.

Kaliza, anayeuza kadi za simu pale nje, alikuwa akinitazama.

"Mama, usiguse hiyo. Iko na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Hakusema. Jumamosi alipanda gari la taka, akabembeleza dereva mpaka likamushushia hapa. Nikamuuliza, ya nini hii? Akasema mwenyewe atakuja." Akaniangalia viatu mpaka kichwa. "Ni wewe mwenyewe?"

Swali rahisi kabisa. Nikasema nimepita tu.

Nilikuwa na namba ya mwenye pikapu mfukoni. Dakika 40 zingekuwa Gitega. Sikumpigia. Nimerudi kwa miguu mpaka mjini, sijui kwa nini kwa miguu.

Siku tano amekaa nazo, neno hakuna! Simu hakuna! Ananingoja mimi. Na hasira yangu bado ipo, isipokuwa sijui niiweke wapi.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimempigia mara tisa. Saa tano nikaandika ujumbe: nimeziona, uje kesho tuzipeleke barabarani pamoja. Jibu limekuja baada ya saa tatu na robo. Neno moja.

Tuzareba.

Tutaona! Mji mzima unaishi kwa neno hilo. Halikukatai, halikukubali, linakuacha mlangoni na kofia mkononi. Nimelisikia ofisini, nimelisikia kwa wenye nyumba, nimelisikia kwa mwanaume mmoja mwaka 2003. Kutoka kwa Léonidas, na kwa Kinyarwanda, mimi na yeye!

Nimempigia Shami: ongeza jina la Léonidas kwenye kibao cha majina. Ameshtuka. Anasema anayechapa vibao anafunga kesho saa sita mchana. "Lakini Auntie, yeye mwenyewe amekubali? Siwezi kuchapa jina la mtu hajakubali."

Haki yake.

Jumamosi, 6 Septemba

Biryogo. Ninaandikia magotini.

Nimebeba ubao wa nne mgongoni kutoka Gitega, hatua 2,140, nimepumzika mara sita. Nimeusimamisha kwenye njia ya waenda kwa miguu, mbele ya mgahawa ambako Léonidas hunywa chai na chapati kila Jumamosi. Mimi niko nyuma ya ubao, kwenye kigoda. Kutoka mbele sionekani.

Ujumbe nimeutuma saa moja asubuhi: "Majina mawili kwenye kibao, lako na langu. Kesho tusimame pamoja. Unakubali? Jibu ubaoni, kabla ya saa sita."

Hesabu ya ubao ni hii. Herufi moja inakula safu tatu, na safu moja ya kupumulia. Safu 15 ni herufi nne kamili. YEGO, yaani ndiyo, ni nne, inaenea. OYA, yaani hapana, ni tatu, inaenea. TUZAREBA ni nane, ingeenea kwa mistari miwili, TUZA juu, REBA chini. Kwa hiyo visahani 90 vya chini nimevifunga kwa waya. Vimebaki 75. Leo hataniambia tutaona.

Saa nne. Mhudumu wa mgahawa: "Mama, hii iko menyu?" Nimemwambia hapana. Amegeuza hata hivyo, ameandika NJAA, wenzake wamecheka mpaka sinia limeanguka. Nimefuta.

Saa nne na nusu. Wanawake wawili wamechora moyo. Haukuenea vizuri, chini umekatika. Wamepiga nao picha. Nilisikia mmoja akisema kitu kizuri hivi kimetengenezwa na nani. Nilikuwa nusu mita kutoka kwake. Wamekwenda, nimefuta.

Saa tano na robo. Watu 38 wamegusa. Yeye hapana.

Saa tano na nusu. Shami: "Auntie, jina moja ama mawili?" Nimemwandikia: subiri.

Saa tano na dakika arobaini. Viatu. Ubao una miguu ya sentimita 40, chini yake ninaona viatu vya wapita njia tu. Hivi ninavijua — vya ngozi, cha kushoto kimetobolewa na cheche matundu manne. Vimesimama. Ninashika kalamu tu. Pumzi yake ninaisikia. Amekohoa.

Kisahani kimegeuka! Safu ya kwanza, mstari wa juu. Huku kwangu njano imegeuka nyeusi.

Y inaanzia hapo. Lakini O pia inaanzia hapo!

Viatu havijasogea. Chai yake itapoa. Geuza cha pili, Léonidas, cha pili ndicho kitakachosema: O inashika cha jirani, Y inakiruka. Sasa ni saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Sitaki kikohozi, sitaki kisahani kimoja. YEGO au OYA, neno zima, kabla ya saa sita!