Mwamba Waliompa Ndugu Yangu

Amu, Jumatatu, mwezi wa Rajabu, 1954

Joto tangu alfajiri, wala hakuna upepo wa kutikisa hata pazia. Nimekasirika, na kibaya zaidi sijui nimkasirikie nani.

Nilipofungua duka langu la ushoni asubuhi nilikuwa na furaha. Wiki nzima nimekuwa nayo. Karani wa serikali alikuja kunieleza kwamba wale wazungu wa meli ya kupima bahari, iliyotia nanga Ras Kitau, wanachora ramani mpya ya maji yetu, na kwamba sehemu zisizokuwa na jina watazipa majina ya watu wa huku waliokufa vitani. Ndugu yangu Saidi alikufa Burma. Jina lake limechaguliwa. Mama alilia, kisha akapika halua akagawia majirani, na jioni tukasoma khitma upya kama kwamba habari ya kifo imefika jana.

Sikuuliza ni sehemu gani. Niliambiwa tu ni kati ya Manda na Pate, nikajichorea mwenyewe kichwani ras nzuri, au mlango wa maji ambao vyombo vinapita.

Leo akaingia Bwana Shee, nahodha wa Pate, aliyeshusha abiria wake kutoka Mtangawanda na kuja kuchukua kanzu yake. Alikaa, akanywa kahawa yangu yote, ndipo akasema, "Kumbe Saidi alipanda mwamba na chombo chake, na nyinyi mkatufita habari miaka yote hii."

Nikamuuliza mwamba gani. Akacheka mpaka akakohoa.

Wamempa ndugu yangu mwamba.

Huku kwetu mwamba hauitwi jina la mtu kwa heshima. Unaitwa jina la aliyepasua chombo juu yake. Liko fungu moja la mwamba upande wa Pate linaloitwa kwa jina la nahodha aliyesinzia akiwa ameshika usukani. Amekufa zamani, amekwisha kuoza, na wajukuu zake mpaka leo wakienda kuposa huulizwa kama wamelala vizuri. Hivyo ndivyo watu wetu wanavyokumbuka. Na Saidi, kabla ya kuvalishwa kaptula za jeshi, alikuwa nahodha ambaye chombo chake hakikuwahi kukwaruza hata jiwe. Hakuacha mtoto wala nyumba. Aliacha sifa hiyo tu, nami nimeishi juu yake kama mtu anayekula urithi.

Nilifunga duka nikavuka kwenda Ras Kitau. Karani alikuwa huko, akanitafsiria. Bwana wa ramani, mmoja wa wale wazungu, ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. Alinieleza taratibu kwamba mwamba ni kitu imara, mawimbi huupiga nao hauondoki, na kwao hiyo ni sifa kubwa ya askari. Nikamwambia kwetu ni kicheko. Nikamwomba amhamishie Saidi kwenye mlango wa maji uliopo hapo kando. Akasema mlango una jina tayari, ras zote zina majina, na kilichobaki ni mwamba ule tu. Ama huo, ama basi.

Nikasema basi.

Akachukua raba akafuta, mbele ya macho yangu, akapuliza vumbi. Nilimwona ananiona sina shukrani. Sikujali. Nilirudi Amu nikitembea kifua mbele, nikijisemea kwamba nimemwokoa ndugu yangu.

Nyumbani nilimkuta mama amekaa barazani na buibui lake jipya mapajani, analitia manukato. Mama yangu haogopi kitu duniani kama chombo. Hata Shela, iliyo hapa tu, huenda kwa miguu. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema kesho atapanda na Bwana Shee akirudi kwao, ampitishe kwenye mwamba wa Saidi asome Fatiha, kisha amrudishe. Kumbe yeye alikwisha kumuuliza karani ni sehemu gani.

Nikamweleza niliyofanya. Nilimweleza kwa majivuno, Mungu anisamehe. Nilimwambia kwamba watu wanacheka.

"Nayua wanateka," akasema. "Nimezawa Amu mimi. Nayua mwamba huwa na ina la nani."

Nikamuuliza mbona basi alikubali.

Alilikunja buibui polepole kabla ya kujibu. "Aliyepanda mwamba, mamake humyua alipo. Mimi wangu simyui. Hiyo nti waliyomzika siiyui, hata ndia ya kwenda huko siiyui. Ulimfuta kwa nini, mwanangu?"

Nilisema maneno mengi kuhusu heshima ya ukoo na sifa ya Saidi, na kila neno lilinitoka likiwa jepesi zaidi kuliko lililotangulia. Mama aliingia ndani akalitundika buibui nyuma ya mlango.

Nimemkasirikia yule bwana na raba yake. Nimemkasirikia Bwana Shee na kicheko chake. Nimemkasirikia hata mama, kwamba alijua yote akaniacha niende mbio huku na huku bila kuniambia neno. Lakini nikiwaondoa wote hao abaki mmoja, ni mimi, niliyelinda sifa ya maiti nikasahau kwamba yuko mtu hai ambaye miaka yote hii hana pa kuelekeza uso akimwombea mwanawe.

Karani alisema meli inang'oa nanga kesho adhuhuri. Nikishasali alfajiri nitavuka tena Ras Kitau, nisimame mbele ya bwana yule mpole, nimwombe aturudishie aibu yetu. Atanishangaa. Sijui karani atalitafsiri vipi hilo, na sijui kama penseli itapita tena pale ilipofutwa.

Akikubali, nitampeleka mama mwenyewe, nimshike mkono chombo kikiyumba. Bwana Shee na acheke mpaka achoke.

Akikataa, je, nitaingiaje nyumbani mle na buibui lile limetundikwa nyuma ya mlango?