Jina Ulilolitaja Gatini Kilwa

Data, baba yangu,

Asubuhi hizi ukungu unajaa bondeni chini ya Gisozi, hapa Kigali, mpaka vilima vya ng'ambo vinabaki vichwa tu. Nasimama barazani na chai yangu, nasikia pumzi. Si ya mtu. Ni ile pumzi fupi, nzito, ya mnyama anayetoa pua majini kisha akazama. Mume wangu huniuliza, "Urareba iki?" Namjibu kwamba siangalii kitu. Nimweleze nini? Tulioona tulikuwa wawili, nawe tumekuzika masika haya.

Unaikumbuka Kilwa Masoko wakati wa kaskazi, bahari imelala na joto linapanda kutoka kwenye zege la gati? Wewe ulikuwa unachomelea vyuma vya boti, mimi likizo ya Desemba nikikuletea chakula. Ukishakula tulikaa ukingoni, tukawatazama pomboo wakiwakimbiza vibua katikati ya nguzo. Mwaka mmoja alipita papa potwe, madoadoa mgongo mzima kama kanga, polepole, hata wachukuzi wakatua magunia wakamtazama. Wavuvi walikutania: mtu wa milimani, hata kuogelea hujui, lakini kila kitu unakiona wewe kwanza.

Nguva pia ulimwona wewe kwanza. Mgongo wa kijivu, na ubavuni mtoto wake, amemganda. Ulinishika bega ukaninong'oneza, "Usiseme kitu." Lakini mimi nilisema, na watu wakacheka. "Nguva wamekwisha zamani, binti. Mmeona gogo." Ukaniambia tumeona sisi wawili, inatosha. Siku nyingi baada ya hapo walikuja tena, maji yakijaa, kula majani ya bahari karibu na nguzo za mwisho.

Kisha ikaja ile siku ya jarife, wavu wa kutegea papa.

"Fundi, njoo uone!" walikuita. "Gogo lako tumelipata."

Alikuwa amelazwa juu ya gati, ngozi imechanwa na nyavu, matiti yake kama ya mwanamke. Watu walikwishaleta visu na ndoo. Wewe uliuliza kitu kimoja tu.

"Mtoto wake yuko wapi?"

"Mtoto gani, fundi?"

Ulikwenda mpaka mwisho wa gati, nami nyuma yako. Tukamsikia kabla ya kumwona. Akatoa pua, akapumua, akazama, akazunguka nguzo, akarudi palepale. Mtu mmoja alikuletea fungu lako la nyama kwenye jani la mgomba. Ulilirudisha bila kugeuka.

Tulikaa hapo mpaka kivuli cha winchi kikatufikia. Nikakuambia, "Data, twende, mama anangoja." Ukasema, "Ngoja apumue tena." Ndipo ukaanza kuzungumza, macho majini, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako. Ukasema siku mlipokimbia mauaji Rwanda, wewe ungali mtoto, mama yako alikutanguliza kwenye mtumbwi, wewe na shangazi yako, kuvuka Kagera. Akasema anakuja na ule wa nyuma. Ule wa nyuma ulifika, hakuwamo. Ukasimama ukingoni mpaka shangazi akakuburuta.

"Aliitwa..." ukasema, ukalitaja jina lake.

Wakati huohuo mtoto wa nguva akaibuka chini ya miguu yetu nami nikapiga kelele, "Yule pale!" Jina likaenda na ile kelele. Tulimtazama akizama. Tukangoja. Hakutoka tena, si siku ile wala kaskazi iliyofuata.

Tulirudi Rwanda, ukafungua karakana yako Gisozi, ukachomelea mageti ya nusu ya mtaa huu. Habari ile hukuigusa tena. Mwaka jana ulipolazwa hospitalini Kicukiro niliona nisichelewe. Nikakuuliza, "Data, bibi yangu aliitwa nani?" "Nilikwambia," ukasema, ukageukia ukuta. Mpaka leo sijui kama ulikasirika, au nawe lilikuwa limekutoka ukaona haya kusema.

Siku ya mazishi mchungaji aliuliza wazazi wako ni nani, awataje mbele ya watu. Jina la babu nilikuwa nalo. "Na nyina?" akauliza. Kila mtu akanitazama. Nilifungua mdomo, kilichotoka ni pumzi tu. Mchungaji akaendelea na sala.

Tangu siku hiyo ndipo naisikia ile pumzi ya majini kila asubuhi. Nilienda hadi kwenye kilima chenu mlichokikimbia, kuuliza jina lake. Walio hai ni wageni wa pale kama mimi. Mama mmoja alinipa maji ya kunywa, akasema, "Pole, hakuna aliyebaki." Nikakaa kwenye nyasi zake, nikalia kama mtoto.

Lala, Data. Sikuiti urudi. Ila kama huko umekutana na mama yako, mwambie tulikuzika vizuri, juu mlimani, kwenye udongo mkavu. Mwambie ana mjukuu Kigali anayemfikiria kila siku. Jina lake mimi sinalo. Basi wewe mpe langu.

Binti yako,
Mukeshimana