Pole Niliyompa Kipa

Ghorofa ya kumi na saba,
Cedar-Riverside, Minneapolis,
Minnesota.
Alhamisi, 11 Aprili 1996

Mpendwa Dada Imaculata,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja: haya ninayokuandikia yasitoke kwako. Usimsomee Mama. Usiiache barua hii mezani shemeji James akaiona. Padri akiuliza habari zangu, mwambie nasoma na baridi inapungua, maana yote mawili ni kweli. Ukimaliza kuisoma ichome jikoni. Kazini nimetia sahihi kwamba nitatunza siri za watu, na siri moja imeniponyoka. Sitaki iponyoke tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa shikamoo, dada. Hamjambo hapo Rombo? Mgongo wako umetulia? Na wajina wangu, Brigitha mdogo, ameshaota meno? Juzi nilimwona usingizini akitambaa juu ya meza yetu ya chakula, amevaa soksi zangu. Mwilini mimi ni mzima. Pasaka tulisali vizuri, na theluji ilianguka siku hiyohiyo, taratibu, kama unga unaochekechwa na mtu asiye na haraka.

Kutoka dirishani naona mto Mississippi. Barafu yake imekatika mapande na mapande yanapita chini yangu, meupe, bila sauti. Asubuhi husimama na kikombe nikiyatazama mpaka chai ipoe. Huku maji huwa sakafu kwa miezi mingi. Watu huegesha magari juu ya ziwa, wakatoboa tundu, wakakaa kuvua samaki. Nilipofika sikusadiki. Sasa nikipita na kuona ziwa limerudi kuwa maji, ndipo nashangaa.

Labda ndiyo sababu wanaupenda sana mpira wa magongo wa barafuni. Wanavaa viatu vyenye visu chini, na badala ya mpira wanagombania kisahani cheusi kigumu, ukubwa wa kopo la kiwi ya viatu. Rafiki yangu Serah, muuguzi Mkenya, alinipeleka mara moja. Tulikaa juu sana. Niliona watu wakienda bila kupiga hatua, wakigeuka bila kusimama, kama tunavyokwenda ndotoni, na taa zikifanya barafu ile ing'ae kama bakuli la maziwa. Golini alisimama mtu mmoja aliyefungwa vitu kama magodoro miguuni. Wewe uliyelinda goli la netiboli pale sekondari ungemwelewa kuliko mimi. Wengine wote walikuwa wanateleza. Yeye peke yake alikuwa anangoja.

Timu hiyo ya Saint Paul imefika hatua ya mtoano. Wanacheza na wapinzani walewale hadi mara saba, wa kwanza kushinda nne anaendelea. Wamegawana tatu kwa tatu, na ya saba ni keshokutwa Jumamosi. Swali la kila mtu, kwenye basi, kanisani, hata kwa kinyozi, ni nani akae golini. Kuna kipa wa siku zote, ambaye watu wetu wanamwita Mzee ingawa ana miaka thelathini na sita. Na kuna kipa mpya aliyeletwa kutoka Duluth, mwepesi sana, ambaye hajawahi kusimama mbele ya umati mkubwa. Katika mechi mbili zilizopita Mzee amefungwa magoli tisa. Jina lake halisi silitaji, dada, hata kwako.

Mimi, kama unavyojua, ni karani wa mafaili kwa daktari wa macho, katika jengo lililoungana na hospitali. Wiki mbili zilizopita Mzee aliingia kwa mlango wa nyuma. Nilimpa fomu atie sahihi. Kalamu ilikuwa kushoto kwake, karibu kabisa na kiwiko, naye akawa anaipapasa kama mtu aliye gizani, huku ananitazama na kutabasamu. Nilijua kabla sijalisoma faili. Kisha nikalisoma, kwa sababu kulipanga ndiyo kazi yangu. Daktari alikuwa amemsihi awaambie wenzake, akakataa. Alitaka kwanza amalize msimu. Daktari naye hana ruhusa ya kusema.

Jana mchana tulikuwa tunakula kule chini kwenye kantini, Serah, mimi na Zadock. Zadock ni Mkenya pia, msaidizi wa wauguzi, anakaa Woodbury. Kila siku saa sita hupiga simu redioni, kwenye kipindi cha mashabiki, kumtetea Mzee, mpaka mtangazaji amemzoea na humwita Zadik.

"Mzee anabaki golini," alikuwa anasema. "Huyo wa Duluth akiona watu elfu kumi atajificha nyuma ya goli."

"Si afadhali huyo," Serah akamjibu. "Mzee wako magoli yanapita kama wageni wa arusi. Na yote kwa mlango mmoja, kushoto. Ni kama huko hakuna mtu nyumbani."

Nilikuwa na wali mdomoni. Nikauona tu ule mkono ukiitafuta kalamu, na nikasema, "Pole yake, maskini."

Zadock akaweka kijiko chini. "Pole ya nini?"

Nikajimiminia maji.

"Mtu akifungwa tisa anatukanwa. Pole ni ya mgonjwa. Pole ni ya mtu amefiwa. Brigitha, huyu mtu ana nini?"

"Wachana naye," Serah akasema. "Hawa Watanzania wanakupa pole hata ukipanda ngazi. Jana nimepiga chafya mara tatu, nikapewa pole tatu."

Meza ya jirani nayo ikacheka. Ningecheka nami, yangeishia hapo. Lakini nilitazama sahani yangu, na nikahisi masikio yakinichoma. Kufunga faili najua, dada. Kufunga uso sijajifunza.

"Kushoto," Zadock akasema polepole. "Na wewe unafanya kwa daktari wa macho."

Jioni nikitoka nilimkuta ananingoja karibu na lifti. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa habari za ndugu yake.

"Nimempigania huyo mtu redioni tangu Novemba," alisema. "Nikinyamaza sasa, Jumamosi atasimama pale na kile kisahani kitamjia kwa jicho haoni. Kinaweza kumvunja koo. Nikisema, wewe umeisha."

"Usiseme, kaka yangu."

"Kwa hivyo apigwe?"

Akafunga zipu ya koti lake mpaka kidevuni. "Nakungoja mpaka kesho saa sita. Sikutishi, dadangu. Ni kwamba siwezi kulimeza zaidi ya hapo."

Unajua kibali changu cha kufanya kazi nilikipata kupitia chuo, na ni cha kazi hii tu. Nikifukuzwa kwa kutoa siri ya mgonjwa, hakuna atakayeniandika tena, na chuo kitauliza kwa nini. Ndani ya basi namba kumi na sita nilijihesabia sababu zote za kukaa kimya, na kila moja ilikuwa nzuri. Ila kila mara basi liliposimama na mtu kuingia kwa upande wangu wa kushoto, nilishtuka.

Leo asubuhi nimekwenda kwa daktari kabla ya mgonjwa wa kwanza. Nilikuwa nimeyaandika maneno kwenye karatasi nisije nikayasahau. Nimeyasoma yote bila kuinua macho.

"Umemwambia mtu jina lake?" daktari akaniuliza. Ni mama mtu mzima, anaongea taratibu.

"Hapana. Nimesema neno moja la kwetu tu."

Akataka kujua maana yake, na hapo nikakwama. Kwa Kiingereza nilichokisoma miaka yote hiyo, lazima uchague: ama unaomba radhi, ama unamhurumia mtu. Mimi sikuwa nimemkosea, wala sikumtazama kutoka juu. Mwishowe nimesema ni neno la kumjulisha mtu kwamba umeyaona yaliyomkuta.

"Basi umesema yote," akasema.

Akaniomba funguo za chumba cha mafaili, akaniambia nirudi nyumbani, nifike Jumatatu saa tatu asubuhi kusikia uamuzi. Kabla sijafika mlangoni alikuwa ameshainua simu. Nilimsikia akimwambia Mzee kwamba siri imevuja kutoka ofisini kwake, kosa ni la ofisi yake, na kwamba bado ana nafasi ya kusema mwenyewe kabla watu hawajamsemea.

Saa sita nilifungua redio. Walitangaza kwamba Mzee amekwenda kwa kocha wake asubuhi hii, kwamba jicho lake halimruhusu, na kwamba Jumamosi golini atakuwa yule wa Duluth. Simu zikaanza kumiminika, wengine wakilia, wengine wakimlaumu kwa yale magoli tisa. Niliisubiri sauti ya Zadock mpaka kipindi kikaisha. Mtangazaji hata aliuliza, "Zadik wa Woodbury leo yuko wapi?"

Nilidhani ningefurahi. Nimekaa tu dirishani, mwepesi na mwenye hofu kwa wakati mmoja, kama mtu aliyeteremshwa garini kabla ya kituo chake. Jicho lile Jumamosi halitasimama golini. Hilo nalijua. Mengine yote sijui, na ndiyo maana nimekuandikia wewe na si Mama.

Nisalimie shemeji James, Shangazi Valentina na Kaka Martin. Mbusu wajina wangu kwenye visigino vyote viwili. Mungu awape mvua ya kiasi na usingizi usiokatika.

Simu ile ya kazini usiipige tena, wala usiandike kwa anwani ya huko. Nyuma ya bahasha nimekuandikia anwani ya Serah na namba yake. Barua iandike kwa jina lake, na langu uliweke ndani. Ukitaka kupiga simu, nenda posta, si parokiani ambako kila mtu anasikia. Piga Jumapili yoyote, siku ninayoshinda kwa Serah, saa kumi na moja jioni ya huko, ambayo huku ni saa tatu asubuhi. Ilie mara mbili, kata, halafu piga tena. Nitajua ni wewe. Nisipopokea mimi, muulize Serah. Hata kama Jumatatu wataninyima funguo, yeye atajua nilipo.

Ndugu yako akupendaye kutoka mbali,
Brigitha